Flashi Haifufui Masini: Neno juu ya Kudemare Kompyuta Mzee kwa Disiki ya Inje

Kuko sentensi moja ambayo sisi tunaojua kidogo mambo ya kompyuta tunapenda kuisema mbele ya watu: « Masini yako haijakufa. Leta flashi, nitaifufua. » Niliisema miaka mingi. Niliisema mu koridoo za universite, niliisema kwa majirani, niliisema kwa mama mmoja mwenye duka la fotokopi. Na kila mara ekra ya masini mzee ilipowaka na alama mpya, watu walinitazama sawa vile wanatazama daktari. Leo nataka kuikosoa ile sentensi, na kumkosoa mwenye kuisema, ni kusema mimi mwenyewe.

Mambo yalianza na finalisti mmoja, dada mdogo wa rafiki yangu. Alikuwa na kompyuta ya mkononi ya mwaka 2008 hivi: prosesa Core 2 Duo, RAM ya giga 2, batri ya kushika dakika kumi na tano. Disiki ya ndani ilikuwa imeanza kupiga tik-tik, na Windows haikuwa inafika tena mwisho wa kuwaka. Zilibaki wiki tatu tu aweke memwari yake. Nikatwaa flashi ya giga 16, nikaweka ndani Linux Mint, nikafinya F12, nikachagua flashi, na nyuma ya dakika chache akawa na ekra safi na LibreOffice ya kuandikia. Alifurahi mpaka akaniletea sahani ya sambaza.

Siku ya nne akanipigia simu usiku. Umeme ulikuwa umekatika, batri ikaisha, na alipowasha tena masini, sura ya tatu yote haikuwepo. Kurasa 22. Neno la kwanza lililotoka mu kinywa changu ni hili: « Ulisahau kusovegarde. » Akanijibu pole pole: « Yaya, nilisovegarde. Kila paragrafu nilifinya ile alama. Masini yenyewe haikukataa. »

Alisema kweli. Masini haikukataa. Njo kwa hiyo ninaandika.

Kinachofanyika kweli wakati masini inaamka

Wakati unafinya buto ya kuwasha, kompyuta haijui Windows ni nini, haijui Linux ni nini. Ku ubao wake mkubwa kuko kichipu kidogo chenye programu ya kwanza. Mu masini za zamani ile programu inaitwa BIOS. Ilienea na IBM PC ya mwaka 1981. Mu masini za nyuma yake ni UEFI. Ile programu inaangalia kama RAM iko, kama klaviye na ekra viko, kisha inafuata orodha: anza ku disiki ya ndani, ao ku CD, ao ku USB.

BIOS inasoma kipande cha kwanza kabisa cha disiki, baiti 512 tu. Ikikuta alama yake kwa mwisho wa kile kipande, inakabidhi kazi kwa maneno yaliyoandikwa mule. UEFI yenyewe inaingia mu sehemu ya disiki iliyoformatiwa kwa FAT32 na kutafuta fishie yenye jina linalojulikana. Kwa flashi na disiki za inje za masini za biti 64, jina ni BOOTX64.EFI. Nyuma ya pale kidogo kinaita kikubwa, kikubwa kinaita kiini cha sisteme, na sisteme inaamka.

Basi kudemare kwa disiki ya inje si uchawi. Ni kubadilisha orodha. Unaiambia ile programu ya kwanza: leo usiende ndani, pita huku. Kwa Dell na Lenovo nyingi unafinya F12. Kwa HP nyingi ni F9, ao Esc kwanza. Kwa Mac za Intel unashikilia Option. Hakuna kilichofufuka. Mara nyingi masini haikuwa imekufa. Iliyokufa ni disiki yake. Disiki ya kuzunguka inachoka mbele ya wengine sababu iko na sehemu zinazotembea, na prosesa, RAM na ekra vinaweza kuishi miaka mingi nyuma yake. Ukimpa masini disiki ya inje, umempa kilema fimbo. Ni kitu kizuri. Lakini usimwambie amepona.

Kwanza kusifu

Sitaki kukosoa bila kutoa haki. Wazo la kubeba sisteme mzima mu mfuko ni moja ya mawazo mazuri ya kompyuta ya miaka hii. Mwaka 2000, Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix: Linux iliyotoka ku CD, ikajua yenyewe vyombo vya masini, ikafanya kazi bila kugusa disiki. Mwaka 2003 Barry Kauler wa Australia akaanza Puppy Linux, ndogo mpaka inaingia yote mu RAM. Hawa watu walituonyesha kama sisteme na masini ni vitu viwili, na mtu anaweza kubadilisha kimoja bila kutupa kingine.

Na kwa kazi ya uganga, flashi haina mwenzake. Masini ikikataa kuamka kwa disiki ya ndani lakini ikaamka vizuri kwa flashi, unajua RAM, ubao na ekra viko sawa. Ugonjwa uko ku disiki ao ku Windows. Ikikataa kwa zote mbili, usiende kununua disiki bule. Na kama disiki inaanza kupiga kelele, flashi inakupa saa moja ao mbili za kutoa vitu mbele haijanyamaza. Memwari ngapi, picha za arusi ngapi, hesabu za kanisa ngapi zimeokolewa hivi? Kwa ile kazi ninaisifu na nitaendelea kuisifu.

Shida inaanza wakati chombo cha kuokolea kinageuka nyumba ya kuishi. Mtumbwi wa kuvusha mgonjwa ni mzuri, lakini hatumwambii mgonjwa alale mule mwaka mzima.

Uongo wa kwanza: « Imekuwa mpya »

Tunasema hivi sababu ekra ni mpya. Lakini barabara ni ile ile. USB 2.0, ya mwaka 2000, inaandikwa megabiti 480 kwa sekunde. Gawanya kwa 8: megabaiti 60. Mu kazi ya kweli unapata 30 na kidogo zaidi. Hata ukinunua SSD ya bei na kuifungia ku masini ya mwaka 2008, maji yote ya ile SSD yatapita mu kijitobo kile. Na kama masini ni mzee kupita, yenye USB 1.1, ni megabiti 12, sawa megabaiti moja na nusu kwa sekunde: kusoma megabaiti 600 peke yake ni karibu dakika saba. Mtu anafikiri masini imegoma, anaizima, na anaichafua zaidi.

RAM pia haiongezeki. Giga 2 zinabaki giga 2. Na wakati sisteme inatoka ku flashi bila kuinstale, ile RAM inabeba mizigo miwili: inafanyisha programu, na inashika kila kitu kipya unachoandika. Fungua LibreOffice, fungua navigateri na kurasa tano, na utaona mshale unatembea sawa mzee mu matope.

Kisha kuko mambo ambayo mu maneno yetu ya koridoo hatuyatajaka. Masini nyingine mzee ni za biti 32 tu. Ubuntu iliacha kutoa picha ya desktopu ya biti 32 tangu toleo la 17.10, mwaka 2017. Debian, ambayo tulikuwa tunakimbilia, imeacha kuinstale ku masini za biti 32 za PC tangu Debian 13 ya mwaka 2025. Bado kuko wanaotushikia mkono, sawa antiX, lakini mlango unazidi kuwa mwembamba. Kuko na BIOS ambazo hazijui hata kudemare kwa USB. Pale watu wanatumia programu ndogo Plop, inayoanza ku CD kisha inaita USB. Na Mac nyingine za Intel za miaka ya mwanzo ziko na prosesa ya biti 64 lakini EFI yake ni ya biti 32: zinatafuta fishie ingine na kukataa ile yako. Mtu atatoka pale akisema flashi ni mbovu.

Hata umeme wa USB uko na mpaka. Mlango wa USB 2.0 unapashwa kutoa miliampere 500. Disiki ya kuzunguka inaweza kutaka zaidi wakati inaanza kuzunguka. Ikikosa, inapiga tik, inanyamaza, inapiga tik tena, na sisi tunasema « disiki imekufa » kumbe ilikuwa inasikia njaa. Kebo yenye vichwa viwili, iliyofungiwa ku milango miwili, mara nyingine inamaliza ile kesi.

Uongo wa pili: « Imeandikwa »

Sasa nirudie kwa sura ya tatu.

Wakati unaweka Linux Mint ku flashi kwa namna ya kawaida, sisteme yote inafungwa mu fishie moja kubwa ya kusomwa tu. Hakuna anayeweza kuandika mule. Lakini programu zinataka kuandika, basi sisteme inatandika juu yake tabaka ingine, na ile tabaka inakaa mu RAM. Kwa macho ni folda ya kawaida: Documents, Desktopu, vyote viko. Unafinya alama ya kusovegarde, fishie inaonekana, unaifunga, unaifungua tena, iko. Kila kitu kinakwambia « imeandikwa ». Na kweli imeandikwa, ila imeandikwa mu RAM, na RAM bila umeme haishiki kitu.

Sisi wa Kongo neno ni moja kwa vyote viwili. Ya kitivo tunaita memwari, ya masini tunaita memwari. Yule dada alikuwa anaandika memwari ndani ya memwari, na hakuna aliyemwambia kama zile mbili hazidumu sawa. Kwa siku tatu hakuzima masini. Alikuwa anafunga tu kifuniko, inalala, anaifungua, kazi iko. Njo kwa hiyo hakushtuka. Ule usiku umeme ulipokwenda na batri ikafuata, tabaka yote ikapotea mara moja.

Hapa ninataka kuwa mkosoaji wa haki. Mint haikutengenezwa ili mtu aishi ku flashi. Imewekwa ili ujaribu, uone kama masini inaikubali, kisha uinstale. Alama ya kuinstale iko pale pale ku desktopu. Ni mimi niliyetwaa kitu cha kujaribia na kukikabidhi sawa nyumba. Lakini watengenezaji nao wako na deni. Wakati mtu anasovegarde mu folda itakayofutika, programu haisemi neno. Ingeweza kuandika sentensi moja tu: kazi hii itapotea ukizima. Sentensi moja. Programu yenye adabu haimwachi mtu afinye alama ya kuokoa akiwa haokoi kitu.

Linganisha na wengine. Tails imejengwa makusudi ili isahau kila kitu, kwa watu wanaotafutwa, na inalisema hadharani. Kusahau ni kazi yake, na mwenye kuitwaa anajua. Puppy, mara ya kwanza ukiizima, inakuuliza: unataka niweke kazi yako mu fishie, na wapi? Ninaisifu kwa lile swali. Lakini inauliza wakati wa kuzima. Na kwetu, masini ngapi zinazimwa na mwenyewe, na ngapi zinazimwa na umeme? Swali linalokuja kwa mlango wa kutokea halimsaidii mtu aliyetupwa inje kwa dirisha. Na Puppy, kwa kawaida yake, inakufanya mkubwa wa masini yote tangu mwanzo, bila ukuta katikati yako na kosa lako. Kwa mtu anayeanza ni kumpa panga mbele ya kumpa kisu.

Kuko dawa. Flashi inaweza kupewa nafasi ya kudumu, kile tunaita persistansi, ili mambo mapya yaandikwe ku flashi yenyewe. Ni vizuri kupita bule. Lakini flashi ya bei ndogo haikufanywa kwa kuandikwa vitu vidogovidogo saa zote. Inachoka, inakuwa pole pole, na siku moja inakubali kusomwa tu, ao inakataa yote. Persistansi inaponya kusahau, haiponyi kuchoka.

Uongo wa tatu: « Ni bule »

Linux ni bule, ndiyo. Lakini picha moja ya Mint ni zaidi ya giga 2, na anayejua bei ya megabaiti kwetu anajua hiyo si bule. Njo maana tunapeana flashi mkono kwa mkono: huyu ameikopi kwa yule, yule kwa mwingine. Ninaipenda hii roho ya kugawa. Ninakosoa kitu kimoja: hatuangalii. Watengenezaji wanatoa namba ndefu ya SHA-256 ili mtu ahakikishe kama picha aliyonayo ni ile ile waliyoitoa. Ni amri moja, dakika moja. Tunaiacha, kisha tunaingiza ku masini ya mtu sisteme ambayo hatujui imepita mu mikono gani, na tunamwambia aandike mule neno lake la siri la benki ya simu.

Walinzi wa mlango

Kosa si letu peke yetu. Wenye kutengeneza masini na sisteme nao wanatufungia.

Microsoft ilikuwa na wazo lake la sisteme ya kubeba: Windows To Go, iliyokuja na Windows 8 mwaka 2012. Ilitolewa kwa matoleo ya makampuni makubwa, si kwa mtu wa kawaida, lakini iliwaza vizuri: ilipoamka ku masini ya mtu mwingine, ilifunga disiki ya ndani isiguswe bila kusudi. Iliondolewa mwaka 2020, mu Windows 10 toleo la 2004. Nyuma yake ikaja Windows 11, inayodai TPM 2.0, RAM ya giga 4, nafasi ya giga 64, na prosesa za orodha yake. Masini nyingi zenye nguvu bado zimebaki inje. Na tangu tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 umeisha. Kwa sentensi moja ya ofisi, masini za watu wengi zimeitwa mzee, bila hata visi moja kulegea.

Apple nayo: mu Mac za Intel zenye kichipu T2, kudemare kwa disiki ya inje kumefungwa tangu kiwandani, mpaka mwenyewe aingie kuruhusu. Na Secure Boot ya UEFI inakubali tu kinachotiwa sahihi. Ubuntu, Fedora na Debian ziko na ile sahihi, basi zinapita. Sisteme ndogo nyingi hazina, basi unaambiwa uzime ulinzi mbele ya kuingia.

Lakini nisiwe mtu wa upande mmoja. Kuko sababu ya kweli ya kufunga mlango, na sisi wa flashi hatupendi kuisema. Ukidemare masini ya mtu kwa flashi yako, neno lake la siri la Windows halina kazi tena. Fishie zake zote unazisoma: barua, picha, hesabu. Lile neno la siri linalinda mlango wa sisteme, halilindi disiki. Kinacholinda disiki ni kuifunga kwa ufunguo, sawa BitLocker kwa Windows ao LUKS kwa Linux. Wangapi kati yetu, tukiokoa fishie za mtu, tumefungua folda ambayo hatukutumwa kufungua? Mwenye flashi amepewa nguvu ya mwenye funguo za nyumba zote za mtaa. Tekniseni anayeficha hilo kwa wateja wake, mimi sitampa masini yangu.

Kwa nini nabisha hivi kwa jambo dogo

Mtu ataniuliza: hii yote juu ya flashi moja? Nitajibu hivi. Kompyuta mzee kwetu si kitu cha kuchezea. Njo kompyuta yenyewe. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka hapa Kongo, upande wa Kolwezi na Likasi, na inaingia mu batri za hizi masini. Koltani ya Rubaya inatoa tantale ya kondensateri zao. Mawe yanatoka kwetu mapya, na masini zinaturudilia zikiwa zimetumika, ziko na klaviye ya Kijerumani na alama ya ofisi ya mtu iliyokwaruzwa. Basi kujua kuitunza masini mzee kwetu si ujanja wa vijana wanaopenda kompyuta, ni elimu. Na elimu inaombwa kitu kimoja mbele ya vyote: isidanganye.

Na sisi tunadanganya kwa furaha. Tunaonyesha dakika ambayo ekra inawaka. Hatuonyeshi siku ya nne. Tunafundisha F12, hatufundishi RAM. Tunapenda kuitwa mafundi wa kufufua, sababu fundi wa kufufua anasifiwa leo, na hasara inakuja kesho wakati yeye hayuko pale.

Hukumu yangu

Basi nitoe hukumu, sababu mkosoaji asiyehukumu anacheza.

Kwa kuokoa na kupima: flashi, ndiyo, bila kusita. Mint ao ingine ambayo masini inaikubali. Toa kwanza fishie za mtu, peleka ku disiki ingine, kisha njo uongee mambo mengine. Na kama Windows ya ndani ililala bila kuzimika sawasawa, usiandike kitu mu sehemu yake. Soma tu, kopi tu.

Kwa kuishi kila siku: si flashi ya kujaribia. Kama mtu yuko na franga za kununua SSD ndogo, basi swali la kweli ni hili: kwa nini iwe ya inje? Masini nyingi za miaka ile ziko na SATA. Ondoa visi chache, toa disiki iliyochoka, weka SSD pale pale. Barabara ya SATA ya wakati ule inabeba mara nyingi zaidi ya USB 2.0. Disiki ya inje iliyo nzuri kupita zote, kwa masini mzee, ni ile unayoingiza ndani. Nilikaa miaka nikifunga disiki ku kebo mbele ya kuwaza visi.

Kama haiwezekani, sababu masini ni ya ofisi, ao ya familia, ao haifunguki, basi instale sisteme kamili ku SSD ya inje, sawa vile ungeinstale ku disiki ya ndani. Mbele ya kuinstale, chomoa disiki ya ndani kama unaweza, sababu mara nyingine programu ya kuinstale inaweka mlango wa kuingilia ku disiki ya ndani hata ukiwa umechagua ya inje, na siku unachomoa ile ya inje, hakuna inayoamka.

Na kwa vyote, sharti moja ambalo nimejiwekea. Sikabidhi tena masini kwa mtu mbele ya kufanya jaribio la sentensi moja. Ninaandika sentensi moja, ninasovegarde. Kisha sizimi kwa adabu: ninachomoa umeme na batri. Ninawasha tena, mwenye masini akiwa pembeni yangu anatazama. Kama sentensi iko, ninaikabidhi. Kama haiko, ninamwambia kwa maneno ya wazi: hii ni ya kuazima, si ya kuandikia. Dakika tano tu. Lile jaribio lingeokoa kurasa 22.

Yule dada? Kurasa tisa zilipatikana, sababu alikuwa amezichapisha na kumpelekea enkadreri wake mbele ya ule usiku. Kumi na tatu alizirudilia kwa mkono, mu kaye, kwa mwanga wa simu, kisha tukazipiga mu kompyuta yangu kwa zamu. Aliweka memwari yake siku ya mwisho kabisa. Hakunitukana hata mara moja, na hilo lilinichoma kupita tusi.

Miezi ilipita. Siku moja akaja kwangu na masini ya binamu yake, mzee kupita ile ya kwanza, imefungwa mu kitenge. Nikafinya F12, nikachagua, ekra ikawaka vizuri, na kwa zoea la zamani nikaanza kufungua kinywa ili niseme ile sentensi yangu. Hakuningoja. Aliinama ku ekra, akatazama, kisha akaniuliza: « Yaya, hii inakumbuka? »

Nikachomoa umeme, tukaangalia pamoja.